Mjomba Tluway na Neno "Nilimnyang'anya"

Karatu, Alhamisi, Julai 1984

Ukungu umekaa mpaka mchana.

Kesi ya mjomba Tluway imekwisha leo. Alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha: eti alimkuta shemeji yake, Safari, kwenye njia ya Endamarariek, akamnyang'anya maksai huku ameshika fimbo. Kosa hilo ni miaka mingi gerezani. Mama hajala vizuri tangu mjomba akamatwe.

Ukweli ni kwamba maksai ni wa mjomba. Alimwazima Safari alimie, Safari akakaa naye tu, mjomba akaenda kumchukua. Na fimbo? Nani huku huswaga ng'ombe mikono mitupu?

Jana nilimwomba mjomba ajieleze kwa Kiiraqw, lugha yetu, karani atafsiri. Alinicheka.

"Mimi nimefanya kazi Arusha, wewe mtoto! Unanifundisha Kiswahili?"

Basi leo hakimu akamuuliza kama alimchukua yule maksai. Mjomba akatoa kifua mbele.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilimnyang'anya!"

Mwendesha mashtaka akatabasamu.

Sijui nilisimamaje. Nilisikia tu sauti yangu: "Mheshimiwa, kwetu hata mama akichukua kisu mkononi mwa mtoto tunasema amemnyang'anya. Naomba aulizwe ng'ombe ni wa nani."

"Kaa chini, binti!"

Nikakaa. Nilitamani sakafu inimeze.

Lakini hakimu aliuliza. Alimsikiliza mjomba kwa Kiiraqw, karani akitafsiri, kisha akamgeukia Safari. Maksai ni wa nani?

"Wa kwake," Safari akajibu. "Ila nilikuwa sijamaliza kulima."

"Alikupiga? Alikutishia?"

"Hapana. Alinitukana tu, na mama yangu akamtaja."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akasema mtu akichukua mali yake mwenyewe bila kupiga wala kutisha, huo si unyang'anyi kisheria, hata yeye mwenyewe auite hivyo.

Mjomba ameachiwa.

Hakunishukuru. Ila njia nzima kila tuliyekutana naye aliambiwa, "Huyu mpwa wangu ni wakili." Nilitazama viatu vyangu, nikijifanya sisikii, na nilitaka aseme tena.

Darasani huwa nanyoosha mkono nusu, ili mwalimu asinione. Jumatatu nitaunyoosha wote.