Namba Zimeshuka, Nimemwachisha Mume Wangu Dawa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uwahi, maana Alhamisi si mbali na moyo wangu hautulii tena.

Mume wangu ni fundi viatu, na mwaka jana alikutwa na saratani ya damu, ile ambayo daktari alisema inakwenda polepole na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akimeza kidonge kimoja kila siku bila kuruka, na kwa kuwa yeye kusoma kwake ni kwa kubahatisha, karatasi za vipimo nazisoma mimi, akitoka kliniki ananikabidhi na kuniambia, "Haya mama, niambie nakufa lini," tunacheka, ndiyo utani wetu. Sasa karatasi ya kwanza kabisa ilionyesha chembe nyeupe mia mbili na kumi na mbili, elfu hizo, baada ya miezi zikawa kumi na tisa, halafu sita, na mara ya mwisho nikaona tatu nukta tisa na pembeni mshale mdogo unaotazama chini, mshauri, nikajikuta nimekaa kwenye ndoo ya maji. Mimi nilimuuguza marehemu dada yangu, yeye alikuwa na ugonjwa mwingine, na kliniki yake walitufundisha kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili, namba ikipanda tunashukuru, ikishuka tunalia, na yake ilishuka hivi hivi mpaka tukamzika, basi nikajiambia hizi dawa zinamaliza askari wa mume wangu na daktari hajaona kwa sababu ya foleni, maana yeye alisema tu "endelea hivyo hivyo."

Nikamdanganya mume wangu. Nilimwambia daktari amepiga simu, kasema upumzike dawa kidogo, na vidonge nimevificha ndani ya kiatu changu cha kisigino juu ya kabati. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Kinachonitesa ni kwamba ana raha, kichefuchefu kimeisha, misuli haimkazi tena, anapiga mluzi akigonga misumari, na juzi kanishika mkono akasema, "Mke wangu, bila wewe ningekuwa nimeshazikwa," nikaenda uani nikalia. Alhamisi ana kipimo kikubwa na anasema atamshukuru daktari kwa ile simu. Naogopa kumwambia, naogopa kumrudishia dawa, naogopa nimemuua. Nifanyeje? Jina langu usilitaje.

Mke mwenye hofu

JIBU

Dada yangu, kaa chini, ila safari hii tafuta kiti.

Kabla ya kushika kalamu nilimpigia muuguzi wa kliniki ya damu, maana haya si mambo ya kukisia, na wewe ndivyo ulivyopaswa kufanya siku ile ile ulipouona mshale. Somo ulilofundishwa kwa dada yako lilikuwa la kweli, ila kwa ugonjwa wake. Kwa mumeo, ugonjwa wenyewe ndio kuzidi kwa chembe nyeupe. Zile laki mbili hazikuwa askari wa kumlinda, nyingi zilikuwa chembe mbovu zilizojazana mpaka nzima zinakosa nafasi. Mtu mzima asiyeumwa huwa na kama elfu nne hadi kumi na moja. Umeona mwenyewe alikotoka na alikofika. Dawa ilikuwa inafanya kazi.

Hiyo tatu nukta tisa iko chini kidogo tu ya mstari, na wengi wanaomeza dawa hizi hufika hapo. Ingeshuka mno, daktari angeisimamisha yeye mwenyewe, kwa siku anazozijua yeye, huku akipima. Hiyo si kazi yako, hata ungekuwa na mapenzi ya kujaza nyumba.

Siwezi kukuambia hakuna kilichoharibika. Siku ishirini na tatu ni nyingi, na hiyo raha yake inaweza kudanganya, kwa sababu ugonjwa huu ukianza kurudi haupigi hodi. Kipimo cha Alhamisi kinatafuta mabaki ya ugonjwa kwenye damu, na namba hiyo nayo inatakiwa kushuka. Ikipanda na daktari hajui kwamba vidonge vilisimama, atadhani dawa imeshindwa na anaweza kumhamishia nyingine kali zaidi. Ukinyamaza, uongo wako ndio utakaomwandikia mumeo dawa.

Kwa hiyo mwambie leo, mchana huu, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Atakasirika, na ana haki, mwache akasirike. Kisha pigeni simu kliniki mkiwa wawili, mseme siku ni ngapi, muulize aanze tena lini. Usimpe vidonge viwili viwili kufidia. Kesho nendeni, msingoje Alhamisi, na vile vidonge vya kiatuni mwende navyo. Karatasi ikitoka, muulize daktari mbele ya mumeo, hii inatakiwa kupanda au kushuka? Foleni itasubiri.

Jina lako sijalitaja. Lakini leo Jumanne gazeti hili linasomwa popote watu wanapongoja, na kwa fundi viatu watu hungoja sana. Mteja mmoja atalisoma kwa sauti, na mumeo ataacha nyundo asikilize habari za fundi mwenzake mwenye kliniki Alhamisi. Kusoma kunamshinda, kuhesabu siku hakumshindi. Lifunge gazeti, nenda kibandani kwake sasa hivi.