Picha ya ubongo wa Émilienne

Clémence, soma hii peke yako.

Unajua vile Fiacre alikuwa anakataa hata kumununulia bibi yake, dada yangu Émilienne, dawa ya bipolaire, ule ugonjwa wa furaha na huzuni kupita kiasi. Sasa juzi amemupeleka mwenyewe mpaka Kampala kupiga IRM, ile picha ya ndani ya kichwa. Njia nzima Émilienne alikuwa anajiuliza, huyu bwana anatafuta nini?

Leo asubui munganga wa hospitali ya hapa Bunia akawasomea picha. Akasema: "Hapa nyuma iko ubongo mudogo, cervelet. Inasaidia mutu kusimama muzuri, na inagusa pia furaha na hasira yake. Kwa wagonjwa wa bipolaire, mara zingine tunaona imepunguka kidogo."

Palepale Fiacre akauliza: "Munganga, unaweza kuandika kwamba bibi yangu hawezi tena kulea watoto?"

Kulea watoto, Clémence. Bibi yake ameikala pembeni yake na anasikia.

Munganga akamuangalia sana. "Papa, picha haisemi ile. Tunaona hii tukilinganisha watu wengi. Haiwezi kusema nani iko mama muzuri."

Émilienne hakulia. Akachukua picha kwa meza, akasema: "Hii ni kichwa yangu, nitaibeba miye." Akatoka, akapanda pikipiki mpaka kwa masomo kwenye watoto wake wanasomea, kule mtaa wa Shari.

Sasa iko kwangu na watoto wote wawili. Amekula, amekunywa dawa yake.

Fiacre anapiga simu, mimi siitiki. Akikupigia weye, umuambie hujui kwenye wako.