Karata Arobaini za Salma

Biryogo, Kigali
Alhamisi

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu pale gengeni, na haya ninayokuletea sitaki wauza nyanya wa Kahama wote wayasikie kabla yako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeifungia kabatini ukisubiri uumwe zaidi? Na shemeji, presha imetulia? Mimi mwili wangu ni mzima. Mwenyewe siko sawa hata kidogo, na safari hii sitajaribu kukuficha.

Salma ameondoka. Najua umeshamwona, maana kutoka kwako hadi kwao ni mitaa miwili, na najua umeambiwa amekuja kumuuguza mama yake. Si kweli. Juzi Jumanne mjomba wake alinipigia simu. Alinisalimia vizuri tu, kisha akasema Salma anataka talaka, kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala, na mimi nihudhurie. Nikamuuliza kosa langu ni lipi. Akasema, "Bwana Idrisa, hata sisi tumemuuliza. Anachosema ni karata tu."

Hapo umeshashika kichwa na kusema mdogo wako kaingia kwenye kamari. Tulia dada. Hakuna senti inayowekwa mezani. Nisikilize nikueleze, maana usipouelewa huu mchezo hutaelewa nilichofanya, na wewe ndiye pekee ninayeweza kukutuma.

Ofisini kwetu tunapotolea mizigo forodhani yupo Mkenya mmoja, Kevin, kijana mcheshi anayeishi huko Kinyinya. Yeye ndiye mwenye mchezo. Si karata za kopa na shupaza. Ni boksi kubwa lenye karata kama mia sita, kila moja ina picha yake na maneno machache ya Kiingereza: mtu, chombo, mnyama, tukio. Sisi tunauita Mto. Wachezaji wote mko upande mmoja, mnaishi kijiji kimoja, na adui ni mto unaofurika. Huo mto una karata zake ambazo hakuna anayezishika. Zamu yake ikifika inafunuliwa ya juu na maji yanapanda. Yakiingia nyumba ya mmoja wenu, wote mmeshindwa. Mkiyazuia, wote mmeshinda.

Kabla ya kucheza, kila mtu anachagua karata zake arobaini kutoka kwenye boksi na kutengeneza fungu lake. Unaweza kuchagua zenye nguvu tu. Lakini Kevin alituzoesha kutengeneza fungu la wazo moja, karata zote ziwe za jambo moja ulipendalo, hata kama nguvu itapungua. La kwake lilikuwa la uvuvi tupu. Claudine, ambaye tulikuwa tunachezea kwenye mgahawa wake Jumapili mchana, alitengeneza la ng'ombe, na ukimtania aweke hata mbuzi mmoja anakasirika kweli. Huyu Claudine ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mlango wake unatazamana na wetu. Mimi la kwangu lilikuwa la kuta na mitaro. Unanijua.

Salma alichukua wiki tatu kutengeneza la kwake. Alikuwa akikaa mkekani na boksi zima, anatoa moja, anaitazama, anairudisha. Nilifurahi kumwona ana shughuli. Alipoleta fungu lake mezani nikaona halina hata silaha moja. Kulikuwa na mwanamke anayebeba kuni, mwingine na chungu, mkunga, msusi, kikongwe mwenye bakora, taa, blanketi, mlango uliofungwa. Karata za watu wanaokuja nyumbani kwako na vitu wanavyokuja navyo. Tukacheza Jumapili nne, tukashindwa zote nne, na kila mara maji yaliingia kwake kwanza. Kevin akamwambia bila ubaya, "Salma, kadi zako ni nzuri lakini hazipigi. Sisi wote tutakufa maji." Salma akacheka. Akasema yeye zinamtosha hivyo hivyo.

Dada, mimi kazi yangu kutwa nzima ni kusahihisha fomu za watu. Mtu kaandika kilo mahali pa tani, mimi naona. Basi Jumamosi moja Salma alikwenda Kabuga kununua unga wa muhogo na dagaa, nami nikachukua fungu lake, nikatoa karata kumi na moja nilizoona hazina kazi, nikazirudisha kwenye boksi, nikaweka shoka, radi, ukuta wa mawe na nyingine kama hizo. Sikumwambia. Nilidhani namsaidia. Hapana, niseme ukweli, nilikuwa nimechoka kushindwa.

Jumapili maji yakapanda kama kawaida mpaka mlangoni kwake. Mimi nimekaa ubavuni kwake, naona nini kiko mkononi mwake. Nikamwambia, "Cheza shoka."

"Shoka gani?"

"Liko hapo. La pili kutoka kushoto."

Akalitazama muda mrefu. "Umeliweka wewe?"

"Fungu lako lilikuwa na kasoro, nimelisahihisha tu. Cheza, tunashinda."

Akalicheza. Mto ukasimama. Kevin alipiga meza mpaka chai ikamwagika, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama kabisa. Salma akazipanga karata zake, akazigeuza moja moja kana kwamba anatafuta kitu, kisha akasema, "Haya, mmeshinda." Nikamjibu kwamba tumeshinda wote, ndiyo kanuni ya mchezo. Kesho yake nimetoka kazini nikakuta funguo ziko kwa Claudine na nguo za Salma hazipo. Wiki mbili sasa. Simu yangu hapokei.

Baada ya mjomba kunipigia sikuweza kukaa ndani. Jana nilimfuata Claudine nikamwambia ninaachwa na sijui kwa nini. Alikuwa anakanda unga wa chapati.

"Sha Idrisa, wewe ulizani ile ni mchezo?" akasema. "Salma alikuwa ananioneshaka moja moja. Ile mwanamke wa kuni, ule wa kuchemsha maji, iko dada yako. Ile ya chungu iko mama yake, anapika uji wa pilipili manga. Kila karata iko siku moja. Iko arobaini yake, ile hakukaa."

Dada, nilikaa chini pale pale kwenye gunia la mkaa.

Unakumbuka ulivyomzaa Halima. Siku arobaini hukutoka nje. Mama alikuwa anakukanda kwa maji ya moto, majirani wanaingia na kutoka, huyu na uji, yule na kuni, na hakuna aliyekuruhusu hata kufua kitambaa. Mwaka jana Salma alipojifungua mimba ikiwa ya miezi minane na mtoto akatoka hana uhai, mimi nilimzika asubuhi yake pamoja na wanaume wa msikitini, nikarudi nyumbani nikamkuta Salma amelala ametazama ukuta. Nikaona akiendelea kulala vile atapotea. Siku ya saba nikamwambia ainuke, aoge, tutembee, mtoto hayupo na kujifungia ndani hakutamrudisha. Nikamwambia arobaini ni ya mtu mwenye mtoto. Hayo maneno niliyasema kwa mdomo wangu huu. Na ni mimi niliyempeleka kwenye karata, ili asahau.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi na chakula. Wewe ulipiga simu siku ile ile ya mazishi. Ulisema unapanda basi, uje umkande, umkalie siku zote arobaini. Nikakwambia usisumbuke, goti lako, njia ndefu, tumeshajipanga. Mama yake naye alisema atakuja hata kwa kubebwa, nikamjibu hivyo hivyo. Nyumba ni chumba kimoja na sebule, nami niliona vilio vya wanawake watatu sitaviweza. Salma sikumwambia kwamba mlitaka kuja, nanyi niliwaomba msimguse na habari hizo. Mwaka mzima anajua hakuna aliyemfikiria. Akajitafutia watu wa kumkalia kwenye boksi la karata, akawapanga siku kwa siku, na mimi nikawafukuza kumi na mmoja wao nikaweka mashoka.

Unitukane tu. Ungekuwa hapa ningekaa nikusikilize. Naogopa, dada. Nimezoea kosa ambalo mtu analipigia mstari, anaandika lililo sahihi juu yake na kuweka saini. Hili sioni pa kuanzia. Usiku wa mtu huyu siwezi kuurudisha, wala mchana wake, wala uji ambao hakunywa. Nikienda kwenye kikao wazee wataniuliza nimempiga, nimemnyima chakula, nina mwanamke mwingine, na kwa yote nitajibu hapana, wataona sina kosa, na yeye atazidi kuwa peke yake mbele yao. Sitaki kushinda kikao hicho.

Jana hiyo hiyo mimi na Claudine tulimwaga boksi zima la Kevin juu ya meza. Zilikuwa zimebaki ishirini na tisa za Salma kwenye fungu aliloliacha, baada ya kuyaondoa mashoka yangu. Tukaanza kuzitafuta zile kumi na moja. Claudine alikuwa anazikumbuka kwa jinsi alivyosimuliwa: ya mafuta ya kuchua, ya wembe wa kumnyoa mtoto siku ya saba, ya jirani anayekuja kukaa tu bila kusema. Kila tuliyoipata aliniambia ni siku gani, nami nikaandika kwenye karatasi. Kevin nimemwomba fungu hili. Amesema nichukue boksi zima nikitaka, na amekuwa haniangalii usoni.

Nimezifunga kwa kitambaa cha khanga yake aliyoisahau kambani. Dereva wa basi la kesho atakukabidhi pamoja na barua hii. Naomba usizichanganye, ziko kwa mpangilio wa siku. Nenda kwao na goti lako hilo hilo, mkute akiwa peke yake, na kabla ya lolote mwambie kwamba ulipiga simu na mimi ndiye niliyekuzuia. Mwambie mama yake naye alitaka kuja, nikamzuia. Aamue kuhusu mimi akiwa anajua hilo. Nikimwambia mimi itaonekana najitetea.

Nisalimie shemeji, aache chumvi. Halima mwanao mwambie mjomba wake anamkumbuka, na matokeo yake ya mtihani nimeyasikia, nimefurahi. Mama mdogo wa Nyihogo msalimie sana, ila usimsomee barua hii, ataisambaza mtaa mzima. Claudine anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema anakujua kwa zile kuni.

Usimwombe Salma arudi. Sina uso wa kumwomba hivyo, na wewe usiombe kwa niaba yangu. Muulize jambo moja tu. Ukizihesabu utaona ni thelathini na tisa. Ya siku ya arobaini, siku ya kutoka nje, haimo. Tumezipitia karata zote za boksi na Claudine hawezi kuijua, kwa kuwa hakuwahi kuoneshwa. Anasema Salma aliificha hiyo moja, akamwambia hii ni ya Idrisa, atakuja kuiona mwenyewe akiuliza. Mimi niliishika, dada, nikaitoa kwa vidole vyangu, na sikuitazama. Muulize ilikuwa ipi.

Mdogo wako,
Idrisa