Koti la Kanisani

Nyololo, Jumanne

Usingizi hauji kwa furaha! Asubuhi nilivaa koti la kanisani na tai, nikaenda na mjukuu wangu Twilumba kwa mtendaji wa kijiji, atuthibitishie kwamba hatuna kitu. Twilumba anaomba mkopo wa serikali akasomee ualimu chuo kikuu Mbeya.

Mtendaji akanikagua. "Mzee, umaskini gani huu wenye tai?"

"Huu wa kwangu una adabu."

Akacheka mpaka akakohoa, akagonga muhuri.

Njiani Twilumba akawa mpole ghafla. "Babu, na mkopo wakininyima? Chuo cha uuguzi Iringa wameshanikubali, ila wanataka ada sasa."

Ada hiyo ni ng'ombe wangu, sina kingine. Na pesa zikiisha kabla hajamaliza masomo, je... Naogopa, nisijidanganye.

"Wewe moyo wako uko wapi?"

"Uuguzi, Babu. Tangu nimuuguze Bibi. Nilikuwa namwonea huruma ng'ombe wako."

"Mpumbavu wewe! Ng'ombe atavaa joho?"

Tukacheka mpaka nyumbani. Nesi katika ukoo huu!

Kesho mnunuzi wa ng'ombe anakuja. Nitavaa koti lile lile, asije akadhani nina shida.