Chale za Mama wa Tura

Mjukuu wangu Mwajuma,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako hajambo. Mimi mgongo na macho vimechoka, kwa hiyo nitasema machache.

Unauliza televisheni za zamani zilirushaje picha hewani. Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa telegrafu stesheni ya Tura, nikituma habari kwa milio kupitia waya. Mchana mmoja waliteremsha mama mgonjwa kwenye treni, hawezi kusema, hana mwenzake. Nikatoa habari zake kwa waya, kumbe huko Tabora mwanamume alikuwa akimtafuta mkewe. Yohana, karani mwenzangu wa huko, akaniuliza, "Ana chale mkononi? Zikoje? Mume anasema atazitambua."

Maneno yalinishinda. Nikazichora kwenye karatasi ya miraba, nikazituma mstari kwa mstari: mlio mrefu penye weusi, mfupi penye weupe, naye Yohana ajaze miraba yake.

Yohana akajibu, "Picha imepinda. Sijui mstari unaanzia wapi."

Nikarudia, kila mstari nikiutanguliza kwa milio ya haraka. Picha ikanyooka, na Yohana akanijulisha kuwa yule mwanamume amezitambua, akalia palepale kwenye dirisha la ofisi.

Televisheni ilifanya vivyo hivyo, ila kwa kasi mno: nguvu ya mawimbi ilipanda na kushuka kufuata weusi na weupe, na kila mstari ulitanguliwa na alama ya kuanza.

Mume alifika kwa treni iliyofuata. Mkewe alimtambua, akamshika mkono, lakini hakupona. Baada ya maziko yule mume aliniambia, "Asante, bwana karani. Angalau amezikwa kwa jina lake."

Nimechoka, mama. Soma vizuri.

Babu yako