Tata, Uliyenifundisha Utatu Ukiwa Umepiga Magoti Kasulo

Mpendwa Tata, baba yangu,

Siku niliyokuja nyumbani kwenu Kapata kukuambia kwamba sitasali tena katika kanisa lenu, ulikuwa barazani unamenya karanga. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani utanifukuza, au utamwita Mama aje kulia. Nikakuambia moja kwa moja, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu wa hesabu: "Tata, moja na moja na moja ni tatu. Haiwezi kuwa moja. Mungu ni Baba peke yake. Yesu alitumwa, na aliyetumwa si sawa na aliyemtuma."

Ulijifuta mikono kwenye suruali. Miaka mingi ya kuendesha treni ya madini ilikuwa imeliharibu sikio lako la kushoto, kwa hiyo ulinigeuzia la kulia, ukaniomba nirudie. Nikarudia. Ukaniita mama, kama ulivyoniita tangu utotoni. "Muzuri, mama. Lete Biblia. Weye utaanza."

Tangu hapo, kwa miaka mitatu, kila Jumapili baada ya kula bukari, ugali wetu, tulikaa pale na Biblia mbili, yako na yangu. Mimi nilikuja na Torati: sikia Israeli, Bwana ni mmoja. Ulinijibu kwamba andiko hilo ni lako pia, na hakuna aliyekunyang'anya. Nilikusomea pale Yesu anaposema Baba ni mkuu kuliko yeye. Ulifungua barua kwa Wafilipi, pale anapoacha utukufu wake na kuwa kama mtumwa, ukasema, "Mutu akishuka, ule mwenye kubakia kule juu atamupita. Lakini alishuka kutoka wapi? Soma tena." Nilikuambia mitume walibatiza kwa jina la Yesu tu. Uliweka kidole chako kinene kwenye mistari ya mwisho ya Matayo. "Baba, na Mwana, na Roho Mutakatifu. Angalia muzuri, mama. Baliandika jina. Habakuandika majina."

Nililitazama neno lile, kisha nikahamia andiko lingine. Uliona kwamba nimekimbia, ukafungua nami andiko hilo.

Jambo moja tu lilikukasirisha, nalo lilikuwa mifano. Siku moja nilikuchokoza. Nilikuambia mhubiri wenu amefundisha kwamba Utatu ni kama yai, lina ganda, ute na kiini. Nilitegemea umtetee. Ulisimama na kiti kikaanguka. "Mungu hapana yai! Yai unapasula, unakula, unasahau. Mbele ya Mungu mutu anavua biatu!" Mama alichungulia mlangoni akidhani tunapigana.

Sikujua ulichokuwa unakipoteza kwa ajili ya Jumapili zile. Mama aliniambia tulipokwisha kukuzika. Wazee wa kanisa walikuita, wakasema shemasi hawezi kila wiki kukaa na binti anayemkana Mwana. Ama uache mazungumzo, ama uache ushemasi. Ukawauliza, "Mutoto anauliza Mungu ni nani, njo nimufungie mulango?" Ukaacha ushemasi uliokuwa nao tangu kabla sijazaliwa, ukaenda kukaa benchi la nyuma. Mimi niliambiwa umepumzika kwa sababu ya uzee, nikaamini. Jumapili iliyofuata ulinipokea ukicheka na kuniuliza, "Leo tunasoma wapi?"

Halafu ikaja ile siku ya Kasulo, mtaa ambao watu huchimba madini hadi ndani ya viwanja vyao.

Mdogo wangu Kazadi alikuwa anachimba kobalti na rafiki yake Ilunga, katika shimo walilolifungua ndani ya kiwanja, nyuma ya jiko la watu. Ulikuwa umemkataza mara ngapi? Tulipigiwa simu asubuhi. Tulipofika, shimo lilikuwa limejifunga kwa udongo, wao wawili wakiwa ndani, na vijana walikuwa wanauchimbua kwa majembe na kuutoa kwa ndoo, wakipokezana, wengine wakikwangua kwa mikono mitupu. Mama alikaa chini vumbini. Mimi nilisimama nikipiga hesabu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua: kina cha shimo, wingi wa udongo, hewa iliyobaki. Kila hesabu ilinipa jibu lile lile.

Wewe ulivua kofia ukapiga magoti pembeni mwa shimo. Nakiri leo, Tata, kwamba nilisogea karibu ili nisikie utamwita nani. Je, utamwita Baba? Utamwita Yesu? Hata saa ile bado nilikuwa nabishana nawe.

Hukumwita yeyote. Ulifungua kinywa, ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Haikuwa kilio, wala haikuwa maneno. Iliendelea na kuendelea, kutoka mahali palipokuwa chini kuliko kifua chako. Nilikuwa nakujua maisha yangu yote, na nilijua kwamba sauti ile si yako. Kulikuwa na mtu anaomba pale aliye mkubwa kuliko wewe, nawe ulikuwa mlango tu anaopitia. Sikuamua kupiga magoti. Nilijikuta niko chini, kando yako, na hofu niliyokuwa nayo haikuwa tena ya shimo.

Saa kumi alasiri walimtoa Kazadi, mguu umevunjika, mdomo umejaa udongo, akiwa hai. Walipomtoa Ilunga, alikuwa amekwisha kufa. Hukupaza sauti kumshukuru Mungu mbele ya mama yake Ilunga. Uliomba maji, ukamwosha yule kijana uso kwa mikono yako, polepole, hadi masikioni.

Jumapili iliyofuata nilikuuliza, "Tata, kule Kasulo ulikuwa unaomba nini?"

"Sijue. Haikuwa miye nilikuwa naomba."

Ukaniagiza nifungue Warumi sura ya nane. Nikasoma kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ukasema niendelee. Nikasoma kwamba yeye aichunguzaye mioyo anajua nia ya Roho. Endelea, mama. Nikafika kwa Kristo aliyekufa na kufufuka, aliye mkono wa kuume wa Mungu, naye anatuombea. Sura hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikitafuta silaha. Safari hii nilisimama katikati ya mstari.

Ulisema kwa sauti ndogo, "Kule juu kulikuwa Ule anasikia. Ndani yangu kulikuwa Ule anaugua. Na kule chini mu shimo, pamoja na Kazadi na Ilunga, kulikuwa Ule balimuzika zamani, mbele yabo. Batatu? Moja? Mi sikuhesabu, mama. Nilikuwa katikati yabo."

Nilikuwa na jibu. Walimu wa kundi nililohamia walikuwa wamenifundisha kwamba Roho ni nguvu ya Mungu tu, kama umeme. Lakini nilikuwa nimekusikia. Nguvu haiugui, Tata. Umeme hauombolezi mtoto wa mtu. Nilifunga Biblia yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze, tulikaa barazani bila kubishana mpaka nilipoondoka.

Sikurudi kanisani wiki ile, wala mwezi ule. Hukuniuliza hata mara moja.

Masika kifua kilipokuzidi, Mama alikushika miguu na mimi nikakusomea Yohana kumi na saba, pale Mwana anapomwambia Baba habari za utukufu waliokuwa nao pamoja kabla ya ulimwengu kuwako. Uliinua mkono. Nikadhani umechoka, nikauliza kama unataka maji. Ulikuwa umeligeuza lile sikio lako zima, si kwangu, bali juu kidogo ya kichwa changu.

"Nyamaza kidogo," ulisema. "Banaongea."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho.

Sasa nasali tena na Mama, kwenye benchi la nyuma. Wapo wanaodhani nimerudi kwa sababu ya huzuni, na wapo rafiki zangu wa zamani wanaonijia na maandiko ambayo hata leo siwezi kuyajibu yote. Nawakaribisha. Nawapa kiti, nawaambia waanze wao. Lakini tofauti na zamani, siogopi tena andiko lisilo na jibu. Najua kwamba wewe umekwisha kuvuka maandishi, unamwona jinsi alivyo. Mimi bado nasoma, Tata, mstari kwa mstari, nikiwa nimevua viatu.

Baki na amani yake,

Binti yako,
Ngalula