Bukari ya Matanga

Kapata, 4 Machi 2024

Mujinga mwanangu,

Pokea salamu yetu: moyo, mama. Baridi ya Liège inakutendeaje? Mimi magoti tu ndiyo yanalalamika.

Kaka yako Polycarpe tunamtunza kama wewe na daktari mlivyoagiza: dawa zake asubuhi na jioni, na chakula kile cha mayai, samaki na mawese, bila sukari, bila bukari, ugali wetu huu. Sasa ni miezi mitatu. Zile sauti zinazomtukana kichwani, anasema siku hizi zinanong'ona tu. Jana alicheka. Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba.

Lakini jirani Elise ananiuliza kila siku, “Poly alikula?” Mtu asiyeshika bukari amekula nini? Nimjibu nini?

Mama yako,
Laurentine

Liège, 9 Machi

Mama,

Moyo. Wajukuu zako wazima, wanakusalimu.

Mwambie mama Elise kwamba alikula. Si kila mgonjwa chakula hicho kinamfaa, lakini Poly tunaona kinamsaidia, na daktari anampima. Usimhurumie kwa tonge, mama.

Binti yako,
Mujinga

Kapata, 2 Juni

Mujinga mwanangu,

Moyo. Sisi si wazima.

Baba yenu mdogo Badibanga alifariki, tukaenda matanga Fungurume. Poly alisukuma sahani ya bukari. Shangazi yenu Brigitte akasema mbele ya wote, “Hakule bukari, juu alisha kula muntu.” Ndiyo kusema hali kwa sababu yeye ndiye mchawi aliyemmaliza marehemu; unajua neno hilo linavyoua. Niliogopa watampiga. Nikakata tonge kwa mkono wangu, nikamwambia, “Kula, baba, juu yangu.” Alinitazama sana, akala.

Siku tatu nilimlisha hivyo, na dawa tulizisahau Kapata. Sauti zilirudi na matusi yao. Ijumaa, tukiwa tumerudi nyumbani, alitoka pekupeku, akafuata reli ya Mutshatsha. Tunamtafuta.

Mama yako,
Laurentine

Liège, 3 Juni

Mama,

Nilikwambia usimhurumie kwa tonge.

Mujinga

Kapata, 20 Juni

Mujinga mwanangu,

Moyo, hata kama umeninyima wako. Una haki.

Poly alionekana kando ya reli, amekufa. Tulimzika jana, na shati lile la bluu ulilomtumia.

Waliniletea bukari ya matanga, mimi niliyemzaa. Nilisukuma sahani. Brigitte akasema basi, aliyemla Poly ameonekana.

Sikubisha.

Mama yako,
Laurentine